Msaada ni Amana Mpaka Mlangoni

Nyamache, huko milimani Kisii penye mashamba ya chai, haijui tufani za baharini. Iko karibu na ikweta, tena mbali na bahari. Hata hivyo, sisi wa pwani tunalo la kujifunza huko juu ya kumfikishia msaada aliyepatwa na maafa.

Wakisii wana desturi iitwayo risaga. Mwenye kazi iliyomzidi nguvu huwaita majirani, nao huja, kila mtu na jembe lake. Kazi hufanywa hadharani: aliyekuja huonekana, na asiyekuja hujulikana.

Maafa makubwa huwashinda majirani. Tufani Idai ilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa Machi 14, 2019, barabara zilikatika. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Chakula kilipelekwa kwa mashua na helikopta, na wenye kujitolea wakapakua magunia. Lakini mwezi uliofuata shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa baadhi ya viongozi wa mitaa waliwadai wanawake fedha, na waliokosa fedha wakadaiwa miili yao, ndipo wapewe chakula.

Mtoaji katoa, mchukuzi kachukua, haki ikapotea hatua chache kabla ya mlango.

Hapo ndipo risaga inapotufunza. Majina yasomwe mbele ya watu, magunia yahesabiwe mbele ya watu, na mjane apokee kwa mkono wake mwenyewe. Sadaka ni amana mpaka imfikie mwenyewe.