Hatari ya Mbwa Mzee Iko Ardhini

Watu wa Diani na Msambweni, pwani ya Kwale, wanaohamia Ulaya na mbwa aliyezeeka huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: huko chini kwenye mizigo kuna hewa? Ipo. Chumba cha wanyama hupata hewa ya mgandamizo uleule wa abiria, na rubani hujulishwa kuwa amebeba mnyama ili joto la humo lidhibitiwe. Hewa yenyewe ni nyepesi kiasi, kama ya mlimani kwenye mita 2,400. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo mbwa wa pwani hupata kipimo kizuri hapohapo nchini. Mpandishe mapema, akae siku mbili tatu, umtazame usiku. Akihema ilhali amelala tu, akikohoa, au ufizi ukipauka, apimwe moyo kabla hujakata tiketi.

Joto ndilo linalonitia hofu, na joto liko huku chini. Mbwa hupoa kwa kuhema, maji yakikauka ulimini na puani. Hewa ya Diani mwezi wa Februari imejaa unyevu, maji hayo hayakauki upesi, na mnyama huhema bure. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mzee mwenye moyo au figo dhaifu hafiki mbali, na mwenye uso bapa, kama pagi au buldogi, yumo hatarini zaidi. Yapo mashirika ya ndege yanayowakataa hao moja kwa moja.

Ukiweza kuchagua, safiri wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, wala si katikati ya kaskazi. Ulaya nako ni kiangazi miezi hiyo, lakini ndege nyingi za kwenda huko huondoka Nairobi usiku na kutua asubuhi, kabla jua halijakolea. Ndege zinazoruka kutoka Ukunda si lazima zipokee kizimba cha mbwa mkubwa. Uliza kabla ya kupanga lolote. Wengi huishia kwenda kwa barabara hadi Nairobi, karibu kilomita 500, na hapo kiyoyozi si anasa. Pitia barabara ya Dongo Kundu uikwepe foleni ya feri ya Likoni, kwani gari lililosimama juani ni tanuri. Na mwambie dereva siku ileile unapomkodi kwamba abiria ni mbwa. Madereva wengi wa Kwale ni Waislamu, na mate ya mbwa yana hukumu yake ya tohara. Ukisema mapema na ukaja na shuka la kutandika, mambo huwa mepesi. Ukimshtukiza saa kumi alfajiri, utabaki barazani na kizimba chako.

Dawa ya kumlaza asipewe na yeyote. Hushusha presha ya damu, huvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, na mbwa aliyelewa hawezi kujiweka sawa kizimba kikiyumba. Kinachomtuliza ni mazoea. Kizimba kiwekwe barazani wiki kadhaa kabla, ale humo, alale humo mchana mlango ukiwa wazi. Kipimo chake kinajulikana: urefu wa mbwa kutoka pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya kimo cha mguu wa mbele kutoka chini hadi kiwiko. Mwenye sentimita 80 na 36 anahitaji kizimba cha 98. Upana ni mabega mara mbili, na kimo kimwache asimame bila kuinamisha kichwa. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo, tandika kitu kinene kinachonyonya mkojo, kwa sababu atalala upande mmoja saa nyingi. Maji yagandishe kwenye bakuli lake usiku wa kuamkia safari. Yatayeyuka polepole badala ya kumwagika yote uwanjani.

Makaratasi ndiyo huwakwamisha mbwa wazee kuliko wengine. Mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka kwa miaka kumi, lakini hana chipu chini ya ngozi. Kwa Umoja wa Ulaya, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, hata kitabu kikijaa mihuri. Inaanzwa upya: chipu, chanjo, siku 30 zipite, damu itolewe na kupelekwa kwenye maabara inayotambuliwa, kama ya Onderstepoort Afrika Kusini, ionyeshe kinga isiyopungua yuniti 0.5 kwa mililita. Kisha miezi mitatu ya kungoja, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotoka. Anayetaka kuondoka Julai aanze Februari. Uingereza inadai pia dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na kwa ndege mbwa huingia huko kama shehena tu. Hati ya afya ya serikali huja mwishoni, kupitia Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete. Ushauri wangu kwa mwenye mbwa wa miaka saba: mtoe damu hiyo sasa, hata kama huna safari. Mradi chanjo haikatiki, majibu hayo Ulaya hayachakai.

Damu ikishatolewa, ipimwe pia homa ya kupe. Kupe wa kahawia wa pwani huambukiza vijidudu vya Ehrlichia, vinavyoweza kukaa mwilini miaka bila dalili na kupunguza chembe za kugandisha damu. Daktari wa Ulaya akiona pua inatoka damu huenda asiwaze kupe wa Kwale. Mpelekee majibu hayo yameandikwa.

Wapo ambao jibu langu kwao ni wabaki. Mbwa mwenye moyo ulioshindwa, au aliyepotewa na akili hata hatambui lango la kwake, hana faida na Amsterdam. Mara nyingi mtunza bustani ndiye aliyemlisha miaka yote, na akikubali kumchukua, mbwa hatapoteza mengi. Basi malipo yake yawe ya kila mwezi, si zawadi ya kuagana, na chakula na dawa ya kupe vihesabiwe mbali. Kliniki iachiwe amana. Mwandikishane pia nani ataruhusu daktari ayakatishe mateso yake ikifika hapo, maana simu ya Ulaya haipokelewi kila saa.