Mbwa Wasio na Mwenyewe Katika Zamu ya Noeli

Mwezi wa Desemba ufikapo katikati, Gisenyi huanza kubadilika sura. Wenye jamaa Goma hufunga mizigo ya kuvuka, wenye jamaa vilimani hufunga milango ya nyumba zao, na wachuuzi wa kuku hupandisha bei bila haya. Pale Grande Barrière, ambapo barabara ya lami inayofuata ukingo wa Ziwa Kivu hukatizwa na kizuizi cha mpaka, askari na polisi hawana likizo. Wao huipokea Noeli wakiwa wamesimama. Na katika usiku ule ambao kila mwenye nyumba ameketi na watoto wake, huwako kiumbe mwingine aliye macho barabarani, naye ni mbwa asiye na mwenyewe.

Huenda afande msomaji akauliza kwa nini gazeti limpe mbwa nafasi wakati mambo ya watu hayajesha. Jibu ni kwamba uamuzi juu ya mbwa huyo, katika saa ambazo ofisi zote zimefungwa, aghalabu huangukia mikononi mwa mwenye zamu. Yeye ndiye mwenye rungu, ndiye mwenye bunduki, na ndiye mwenye mabaki ya chakula cha jioni katika sahani yake.

Mpaka huu una historia na mbwa, nayo si nyepesi. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma katika muda wa siku chache tu. Nyuma yao ilibaki nchi iliyojaa maiti wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mbwa walioachwa bila chakula wakala maiti hao. Askari wa RPA na wale wa Umoja wa Mataifa waliwapiga risasi. Wageni waliofika Rwanda baadaye walistaajabishwa na usiku usiokuwa na mbweko hata mmoja. Mtu aliyeyashuhudia hayo hapaswi kulaumiwa akimtazama mbwa kwa moyo mzito, na makala haya hayamtaki asahau.

Hata hivyo, tufikiri mbwa wa mpakani hutoka wapi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na uji wake wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Watu wakakimbilia Gisenyi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena, na njia ikawa ileile. Mnamo Januari 2025 vita vilipoingia Goma, watu walivuka kwa mara nyingine. Sasa mwenye mtoto mgongoni, godoro kichwani na ndoo mkononi, atamshika mbwa kwa mkono upi? Mbwa hubaki langoni akisubiri, na njaa imzidipo hufuata harufu ya chakula mpaka pale watu walipo. Yeye hana jeto wala pasi, naye huvuka apendavyo. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ufuko wake ni taa za kizuizi na moshi wa nyama inayochomwa kando ya barabara. Kwa hiyo yule anayeitwa mzururaji mara nyingi alikuwa na jina na alikuwa na ua wa kulinda.

Sikukuu zenyewe nazo huongeza idadi yao. Nyumba iliyofungwa kwa wiki mbili huacha mbwa wake kwa jirani ambaye naye amesafiri. Fataki za usiku wa Mwaka Mpya humtia mbwa hofu kuu, maana sikio lake husikia zaidi ya letu, naye huruka ukuta na kukimbia mpaka asijue njia ya kurudi. Kisha wako watoto wa mbwa wanaotolewa zawadi siku ya Noeli, wakiwa wadogo wa kubebeka kiganjani, na ambao ifikapo Pasaka wamekuwa walaji wakubwa wasiotakiwa na mtu.

Katika Afrika Mashariki wapo watu waliolibeba jambo hili mabegani. Jijini Nairobi iko KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama kilichoanza mwaka 1910. Karibu na Arusha iko jumuiya iitwayo Mbwa wa Africa, na Kampala na Zanzibar nako yako makao ya namna hiyo. Kazi yao haina urembo. Wanapokea mbwa aliyegongwa na gari, wanamchanja, wanamfunga kizazi, wanamlisha, kisha wanamtafutia nyumba. Desemba huwa mwezi mgumu kwao, kwa kuwa wapishi na wafagiaji nao wana jamaa wa kuwaendea, ilhali mbwa hawajui kalenda na hutaka kula asubuhi kama kawaida. Anayetaka kusaidia makao kama hayo haombwi mali nyingi. Hupeleka unga wa mahindi, samaki wadogo waliokaushwa, blanketi kuukuu, sabuni, au saa mbili za mikono yake katika siku ambayo wenye kazi wamepumzika.

Mfano unaowahusu zaidi watu wa silaha uko Gulu, kaskazini mwa Uganda, nchi iliyoteswa na vita vya LRA tangu miaka ya 1980 hadi mwaka 2006. Huko Francis Okello Oloya, aliyepofushwa na bomu lililokuwa limezikwa ardhini alipokuwa mtoto, alianzisha mpango wa kuwakutanisha mbwa wa mitaani na watu waliojeruhiwa nafsini na vita, wakiwamo waliotekwa utotoni wakafanywa wapiganaji. Mbwa hutibiwa na kufundishwa kwanza. Mtu naye hufundishwa namna ya kumtunza. Kisha huishi pamoja. Asiyelala kwa sababu ya aliyoyaona hupata wa kumlinda akilala. Mpango huo haukutafuta mbwa wa kifahari kutoka ng'ambo, ulichukua wale wale wa jalalani. Wengi wetu tuliovaa magwanda tunajua usiku wa namna hiyo, ingawa hatuusemi.

Na tusisahau kwamba mbwa ni askari mwenzetu. Wawindaji wa zamani wa Rwanda waliwavisha mbwa wao njuga ili wajue walipo porini. Polisi wa Rwanda wana brigedi ya mbwa, Polisi wa Tanzania wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, na kule Rumangabo, kaskazini ya Goma, walinzi wa Hifadhi ya Virunga walianza mwaka 2011 kutumia mbwa wa kunusa nyayo dhidi ya majangili. Tofauti ya mbwa hao na yule wa kizuizini ni malezi na sahani ya chakula.

Lakini huruma isiyo na akili ni hatari, na hatari yenyewe ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Dalili zikishatokea, hakuna dawa. Hapo ndipo wengi husema: basi tuwapige risasi wote. Jambo hilo limejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, ugonjwa uliingia mwaka 1997 kwa mbwa waliosafirishwa na wavuvi. Mbwa wengi mno wakauawa, na ugonjwa ukabaki. Sababu yake si fumbo. Watu huwaficha mbwa wao au kuwahamishia kijiji cha pili, pengine wakiwa na ugonjwa tayari; mbwa waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa; na nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Kisiwani Pemba walifuata njia nyingine. Ugonjwa uliporejea huko mwaka 2016, mbwa walichanjwa, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umetoweka tena. Wataalamu husema inatosha kuwachanja mbwa 70 katika kila 100 ili mnyororo ukatike. Kwa mji wenye kizuizi kimoja na nchi mbili, maana yake ni kwamba chanjo ya upande mmoja peke yake haitoshi.

Basi mwenye zamu pale Grande Barrière afanye nini na mbwa aliyekonda, mwenye mkia katikati ya miguu, anayemtazama kutoka gizani? Amwekee maji. Akiwa na ugali wa jana na sambaza wachache, ampe, mbali kidogo na njia ya wapitao, asimzoeze kukaa miguuni pa wasafiri. Asimtupie mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa tumbo; asimpe vitunguu wala chokoleti ya watoto, ambavyo kwake ni sumu. Askari Mwislamu anayechelea najisi ya mate yake hana haja ya kumgusa: kopo la maji halishikani mkono na mtu, na katika Hadithi za Mtume imo habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Asichukue mtoto wa mbwa akampeleka kambini kama anajua kwamba uhamisho wake uko njiani, kwani atakuwa ameongeza yatima mmoja. Afisa wa mifugo wa wilaya aitwe mapema, kabla ya sikukuu, si baada ya mtu kuumwa.

Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, halafu apelekwe hospitali siku hiyohiyo akaanze sindano, hata kama jeraha ni mkwaruzo, hata kama ni siku ya Noeli. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Ikibidi auawe, asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio upimwao. Katika daftari la zamu iandikwe saa, rangi ya mbwa na upande alioelekea, na akiwa ameelekea ng'ambo, mwenzako wa upande wa pili aambiwe usiku uleule.