Senti Saba za Sanaa

Anayenunua sufuria ya dola 100 hapa Minnesota hulipa, ndani ya kodi ya mauzo, senti 37 na nusu ambazo hazikuwapo kabla ya Julai 2009. Kati ya hizo, senti 7 na ushei huingia katika mfuko wa sanaa na urithi wa utamaduni. (Nguo na chakula cha kupika nyumbani havitozwi.)

Fedha hizo hazikutokana na huruma ya wakubwa. Chama kinachotetea sanaa katika jimbo zima, Minnesota Citizens for the Arts, kilishikamana na wawindaji, wavuvi na watetezi wa maji safi, wakadai kwa sauti moja. Novemba 4, 2008 wapiga kura wakaridhia katiba ya jimbo ibadilishwe. Kazi ilikuwa nzito, kwani kwa sheria ya hapa mpiga kura anayeiacha wazi nafasi ya swali kama hilo huhesabiwa kuwa amekataa. Ilibidi watu waombwe wakubali, tena waombwe wasiliruke.

Kodi hiyo itakoma mwaka 2034 isipoongezewa muda. Ruzuku hutolewa na Baraza la Sanaa la Jimbo pamoja na mabaraza 11 ya kanda, ilhali waimbaji wetu wa taarabu na malenga wetu wangali wakichangishana ili kukodi ukumbi. Asiye raia hapigi kura, lakini hakatazwi kumwendea mbunge wa eneo lake kule Saint Paul, wala kuandamana na wasanii wanaokwenda huko kila mwaka katika siku yao maalumu.