Come-we-stay na benefits za job: Miaka saba kwa keja moja haitoshi kwa HR

Tuseme una mtu wako. Mmekaa keja moja pale Maweni miaka saba, mna mtoto mmoja, na mwenye duka anawaandikia deni kwa daftari moja. Jamaa anapiga job hotelini Watamu. Usiku mmoja anatoka shifti, anapata ajali ya boda, anadedi. Baada ya mazishi unaingia ofisini kuuliza mambo ya pensheni, na swali la kwanza unalopigwa ni hili: "Wewe ni nani wake?"

Mtaani wewe ni mke. Kwa faili ya kampuni, jibu linategemea alichoandika siku ile anaajiriwa. Na wasee wengi siku hiyo walikuwa na miaka 22, hawajakujua bado, wakajaza jina la mama na kusonga mbele.

Basi tuvunje hii stori vipande vipande, kwa sababu inawahusu wengi, manzi na machali.

Ile ya miezi sita ni fiksi

Umesikia mara ngapi kwamba mkikaa pamoja miezi sita tayari mmeoana? Sheria ya Kenya haina kitu kama hicho. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zinafaa kusajiliwa. Come-we-stay haimo kwa hiyo orodha.

Ukivuka Lungalunga uingie Tanzania, mambo yanabadilika kidogo. Sheria yao ya Ndoa ya 1971 inasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, mnaweza kuchukuliwa kuwa mmeoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Huku kwetu hakuna idadi ya miaka.

Tulicho nacho ni kwamba korti inaweza kuangalia maisha yenu na kusema hii ilikuwa ndoa. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikaza kamba. Ilisema njia hiyo itumike kwa nadra sana. Lazima uonyeshe mliishi pamoja muda mrefu, hakuna aliyekuwa bado amefungwa na ndoa nyingine inayomzuia, wote wawili mlikusudia na kukubali kuoana, na mlijionyesha kwa watu kama mume na mke. Na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai. Wale waliokuwa kwa hiyo kesi waliishi pamoja miaka mingi na bado hawakutambuliwa kama mume na mke. Mali yao iligawanywa 70 kwa 30 kulingana na mchango wa kila mmoja.

Sasa jiulize: nani ana doo na muda wa kwenda korti akiwa na matanga?

Kila benefit ina mlango wake

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Wanadhani mambo yote ya kazini ni kitu kimoja. Sio hivyo.

Pensheni ya kampuni: hii haiingii kwa urithi wa kawaida. Sheria ya Mafao ya Kustaafu, kifungu cha 36A, inasema inalipwa kulingana na kanuni za mfuko wenyewe, na hapo fomu ya wanufaika ndiyo hutazamwa kwanza. Kama hakuandika mtu, wadhamini wa mfuko wanaamua wenyewe kwa kuangalia nani alimtegemea. Maana yake ni kwamba bae anaweza kuandikwa hata bila cheti cha ndoa. Pia ina maana kwamba ex aliyeandikwa 2016 bado yuko pale anangoja.

Sacco: nayo ina fomu ya nominee. Nenda uone jina la nani liko.

Mshahara wa mwisho na siku za likizo ambazo hazikulipwa: Sheria ya Ajira, kifungu cha 23, inasema zinaenda kwa msimamizi wa mali yake kisheria, ndani ya siku 30 baada ya kuonyesha karatasi za korti. Na kwenye urithi, mabadiliko ya 2021 yanasema "spouse" ni mume au mke anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Hapa come-we-stay inaumia. Marehemu akiwa Muislamu, kesi inaweza kwenda kwa Kadhi, na huko nikahi ndiyo inaongea.

Bima ya matibabu ya kampuni: kampuni na bima wanakubaliana wenyewe nani anaitwa mke au mume. Wengine wanataka cheti, wengine wanakubali kiapo cha wakili. Uliza upewe kwa maandishi.

Likizo ya baba: hii ni ya bure kabisa na machali wengi hawajui. Kifungu cha 29 kinampa baba wiki mbili na mshahara kamili, na hakitaji cheti cha ndoa.

Watoto: hawa wako sawa kuliko nyinyi. Katiba inasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Na Juni 2025, kwa kesi iliyotoka hapa Pwani, Mahakama ya Juu ilisema watoto wa baba Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake. Kwa hivyo hakikisha jina la baba liko kwa cheti cha kuzaliwa.

Jumatatu ufanye nini?

Moja, nenda HR uombe kuona fomu zako zote za wanufaika. Badilisha majina, andika asilimia, weka tarehe na sahihi, ubaki na nakala. Mwambie bae afanye vivyo hivyo kwao.

Mbili, kila mmoja ajisajili SHA kwa *147#, na watoto waingizwe. Job inakata asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, usilipie kitu ambacho familia haiwezi kutumia.

Tatu, kama mmeshafanya kiapo kwa wakili, jua kwamba kiapo ni maneno yenu tu. Kinasaidia kama ushahidi lakini hakiwafungishi ndoa. Na usiape uongo, hilo ni kosa la jinai.

Nne, kama wazee walishakunywa mnazi na mahari ilianza, hamko mbali. Sheria inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, hata kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Baada ya sherehe mna miezi mitatu ya kumjulisha msajili, na ndani ya miezi sita muende wote wawili mkaombe cheti.

Na kama hamtaki ndoa, sawa, ni maisha yenu. Lakini jazeni fomu. Inachukua dakika kumi, na siku ile mtu atakapokuuliza wewe ni nani wake, utakuwa na karatasi ya kujibu badala ya machozi.