Mtungi wa Sarafu

Mtu akiona hazina, mkono wake hutaka kuichimbua yote upesi. Sikilizeni habari za mtu aliyeuzuia mkono wake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2010, karibu na mji wa Frome katika Uingereza, Bwana Dave Crisp alikuwa akipita shambani na chombo cha kutafutia madini. Chombo hiki hupeleka nguvu za sumaku ardhini. Zikikuta madini, nayo hujibu, na chombo hulia. Sarafu moja iliyozama sana haisikiki. Bali nyingi zilizokaa pamoja husikika.

Basi akasikia sauti ngeni. Akachimba kadiri ya futi moja, akaona sarafu, kisha mtungi. Hapo akaacha, akafukia shimo, akawaita wajuzi wa mambo ya kale.

Nao wakazitoa tabaka kwa tabaka: sarafu 52,503 za Warumi, zenye uzito wa kilo 160 hivi. Ikaonekana kwamba nyingi za mtawala Carausius, zilizo miongoni mwa zile za mwisho kupigwa, zimelala chini, si juu. Kwa hiyo wakafikiri kwamba mtungi haukujazwa mwaka baada ya mwaka, bali kwa mara moja.

Kama angalizizoa zote, habari hiyo ingalipotea. Wala hakupata hasara: makumbusho ya Somerset yalizinunua kwa pauni 320,250, akagawana na wenye shamba.

Nanyi walimu, mtoto akiona kitu cha kale shambani, mfundisheni kukiacha mahali pake, aje kusema kwanza.