Mbu anayezaliwa kwenye mtungi wako wa maji

Mama, mtoto analala ndani ya chandarua kila usiku, lakini ana homa. Umemfikisha zahanati, na kipimo kinaonyesha hana malaria. Huenda ameumwa na mbu wa mchana aliyezaliwa hapo hapo nyumbani.

Mbu huyu anaitwa Aedes. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye hueneza dengue na chikungunya. Chikungunya ilitambuliwa kwanza huku kwetu kusini, Newala, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953. Jina lake ni la Kimakonde, maana yake kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyouma. Kule maji yalikuwa shida, watu wakayahifadhi ndani, na mbu wakazaliana humo.

Kwa nini anapenda vyombo?

Mbu wa malaria hutaga zaidi kwenye madimbwi yenye jua na majaruba ya mpunga. Aedes hutaka maji yaliyotulia, yenye kivuli na ukuta. Ndani ya mtungi hakuna samaki wa kula viluwiluwi, wala jua kali la kukausha maji. Kwa joto la pwani, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi.

Mayai huyabandika ukutani, juu kidogo ya maji. Yakikauka hayafi. Hukaa miezi kadhaa, na ukijaza maji tena yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Fanya hivi kila wiki

- Mwaga maji, kisha sugua ukuta wa ndani wa mtungi, ndoo na pipa kwa sabuni na makumbi ya nazi. Suuza.
- Funika vizuri, pasibaki upenyo.
- Ondoa vifuu, makopo na matairi uani. Mtumbwi usiotumika ulazwe kifudifudi.
- Mtoto akilala mchana, naye alale ndani ya chandarua.

Mtoto akipata homa

Mpeleke apimwe malaria kwanza. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, maana kama ni dengue zinaweza kuongeza kutoka damu. Mpe parasetamo kwa kipimo ulichoelekezwa, na vinywaji mara kwa mara.

Homa ikishuka, usistarehe bado. Hatari ya dengue mara nyingi huja wakati huo. Akitapika sana, tumbo likiuma, akitoka damu au akilegea, mrudishe kituoni haraka, hata kama ni usiku.