Suruali ya mpira kwa mito ya Simiyu

Suruali za mpira za wavuvi, zile zinazopanda mpaka kifuani na kushikana na buti huku chini, zilitengenezwa kwanza kwa watu wanaosimama kwenye maji ya baridi kali. Mvuvi wa Scotland au Norway anataka joto, na ndiyo maana nyingi hushonwa kwa neopreni, mpira mnene wenye vipovu vya gesi ndani. Ivae Bariadi saa saba mchana uone. Kabla hujafika majini, jasho litakuwa limekulowesha kuliko ambavyo mto ungekulowesha.

Kwa hiyo mvuvi wa Simiyu aanze na maji anayoingia. Mto Simiyu na tawi lake la Duma huteremka kutoka upande wa Serengeti kwenda Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Masika hujaa ghafla; kiangazi huacha mchanga mtupu na madimbwi hapa na pale. Humo kwenye madimbwi na matope ndimo kambare na kamongo wanamosakwa, kwa migono, kwa ndoana, hata kwa mikono. Maji mara nyingi ni ya magoti au mapaja. Buti refu la mpira linalofika pajani, lenye kamba ya kufungia kwenye mkanda, linatosha, tena ni jepesi na linapitisha hewa kwa juu. Ile ya kifuani mimi naiona ina hatari yake: inampa mtu ujasiri wa kuingia pasipoingilika. Mto wa masika ukifika kiunoni, dawa yake ni kubaki ukingoni.

Lakini kwa nini kuvaa kabisa, wakati wazee wamevua kwa katambuga au pekupeku miaka yote? Jibu ni kichocho. Kanda ya Ziwa ina ugonjwa huu kwa wingi, na konokono wanaoubeba huishi hasa kwenye maji yaliyotulia. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono zaidi jua linapokuwa kali, vikaogelea kutafuta ngozi, na kuipenya ni kazi ya dakika chache tu. Buti zima lisilovuja ni kinga ya kweli. Buti linalovuja ni balaa, maana hushikilia maji yaleyale kwenye ngozi kutwa nzima, na mvaaji anajiona yuko salama. Ndivyo ilivyo pia kwa maji yanayoingia kwa juu pale unapoinama kuchomoa mgono.

Hivyo ubora wa kwanza wa kuangalia ni mishono na viungio. Suruali hizi huanza kutoboka kwenye magoti, katikati ya mapaja, na pale kitambaa kinapokutana na buti. Igeuze ndani nje, ingia chumba chenye giza, pitisha tochi kwa ndani: tundu lolote litaonekana kama nyota. Kwa mitumba usilipe kabla ya kufanya hivyo. Kunja mpira kwa vidole pia. Ukiona nyufa ndogondogo, jua limeshaula, uache hapohapo dukani.

Kisha buti lenyewe. Udongo mweusi wa mbuga hunata. Ukivaa buti pana, mguu unatoka na buti linabaki kwenye tope. Lijaribu ukiwa na soksi nene, chuchumaa, panda ngazi. Soli iwe ya mpira wenye meno marefu. Zipo soli za manyoya yaliyoshindiliwa, nzuri kwenye mawe yanayoteleza, ila hukauka polepole na huweza kubeba viumbe kutoka mto mmoja hadi mwingine. Huku kwenye mchanga na tope hazina kazi.

Kitambaa kiwe kigumu kuliko unavyodhani. Miiba ya migunga ukingoni inajulikana, lakini wengi humsahau kambare mwenyewe: mapezi yake ya ubavuni yana mwiba wenye meno kama msumeno, na akijipinda miguuni mwako hutoboa mpira mwembamba mara moja. Plastiki ya PVC ni rahisi kwa bei na haipitishi maji, ila hukakamaa na kupasuka penye mikunjo. Mpira halisi ni mzito, lakini una faida moja kubwa mahali ambapo baiskeli zimejaa: fundi baiskeli anaweza kuuziba kwa kiraka na solusheni ileile ya tyubu, baada ya kuukwangua vizuri kwa msasa. Kwenye PVC solusheni hiyo haishiki vizuri. Inahitaji gundi yake maalumu.

Ukitoka majini, suuza kwa maji ya bomba, ning'iniza kichwa chini kivulini, na usivae tena mpaka ndani pakauke kabisa. Usiikunje kwenye kiroba, wala usiianike juu ya bati.